Faili Dogo Kando ya Picha ya Kolo

Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alipiga kambi Kondoa akanakili kwa mkono mamia ya michoro ya miambani, mstari baada ya mstari. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1983, miaka 32 baadaye. Leo mtu huondoka Dodoma mjini alfajiri kwa barabara ya lami iendayo Babati, akafika mapema kijiji cha Kolo chenye michoro hiyo, na kufikia jioni memori kadi yake imejaa picha. Kupiga picha kumekuwa rahisi mno. Kilicho kigumu ni kuhakikisha kwamba picha hizo bado zitakuwa na maana baada ya miaka 32 mingine, na hapo ndipo linapoingia faili moja dogo ambalo watu wengi hulifuta wakidhani ni takataka ya kompyuta.

Michoro ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na idadi ya miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mingi ni ya rangi nyekundu iliyotokana na madini ya chuma, imepakwa juu ya mwamba ambao nao una wekundu na ukahawia wake. Jicho huona doa tu mahali ambapo pana mtu mrefu mwembamba au twiga. Kwa picha ya namna hiyo, JPEG ya kawaida haitoshi: kila rangi ya msingi ina ngazi 256 tu kutoka giza hadi mwanga. Picha ghafi (RAW) ya biti 14 ina ngazi 16,384. Tofauti ndogo kati ya wekundu wa mchoro na wekundu wa jiwe, ambayo JPEG huimeza, hubaki humo ikisubiri mtu wa kuitoa.

Picha ghafi haibadilishwi. Ukiifungua kwenye programu kama Lightroom au darktable ukaongeza mwanga, ukasahihisha rangi na kukata pembe, namba zilizotoka kwenye kamera hubaki vilevile. Kinachohifadhiwa ni maelekezo: ongeza mwanga kiasi hiki, kata hapa, punguza kivuli pale. Maelekezo hayo, pamoja na maneno ya utafutaji, jina la mpigapicha na maelezo ya mahali, huweza kuandikwa kwenye faili la pembeni lenye kiambishi .xmp, linalokaa folda moja na picha. Picha ina megabaiti 30. Faili hilo lina kilobaiti chache. Ni maandishi matupu, na unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia ukayasoma mengi ya yaliyomo.

Mfumo huo wa XMP uliletwa na kampuni ya Adobe mwaka 2001 na kupitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2012. Kwa nini maelezo yasiandikwe ndani ya picha yenyewe? Kwa sababu kila kampuni ya kamera ina muundo wake wa picha ghafi, na miundo mingi haijawekwa wazi kwa wengine. Programu ya nje ikianza kuandika ndani ya faili ambalo hailijui vizuri, inaweza kuliharibu, na mwamba uliopigwa picha labda hautakuwa hivyo tena. Kulitenga faili la maelezo ni tahadhari ya busara kabisa.

Lakini tahadhari hiyo ina gharama. Mafaili hayo mawili yameunganishwa na jina tu. Adobe huita la pembeni IMG_1234.xmp, darktable huliita IMG_1234.CR2.xmp. Ukibadilisha jina la picha kwenye folda bila kupitia programu, la pembeni halimtambui tena mwenziwe, na kazi ya wiki nzima hupotea bila kompyuta kukuonya chochote. Hali huwa mbaya zaidi pale kamera inapofika picha ya 9999 na kuanza tena 0001: folda mbili zikiunganishwa, IMG_0001 ya Kolo inaweza kurithi maelezo ya IMG_0001 ya harusi ya Kongwa. Dawa ni kubadilisha majina mara tu picha zinapotoka kwenye kadi, kabla ya kugusa kingine chochote: tarehe, mahali, namba. Kwa mapango ya Kolo, ambayo watafiti huyaandika B1, B2 na B3, jina la faili lichukue alama hiyo hiyo.

Lightroom ina mtego wake. Kwa kawaida huweka kila kitu kwenye katalogi yake kuu, na haiandiki faili la pembeni mpaka uiamuru kwenye mipangilio. Wapo waliokwisha kunakili folda nzima kwenye flashi wakiamini wamebeba kazi yao, kumbe wamebeba picha tupu. darktable huandika la pembeni yenyewe. Hata hivyo, usitarajie programu moja ielewe marekebisho yote ya nyingine. Maneno ya utafutaji, nyota na maelezo ndiyo yanayovuka kwa uhakika zaidi. Kwa michoro ya Kondoa hilo si hasara kubwa, maana marekebisho ya mwanga yanaweza kurudiwa na mtu yeyote. Kisichoweza kurudiwa ni ujuzi wa yule aliyesimama mbele ya mwamba akajua ni upi.

Basi andika ukiwa bado unakumbuka. Jina la mwamba na kijiji: Kolo, Pahi, Thawi. Ukuta unaelekea wapi. Kipimo kilichowekwa kando ya mchoro. Nani aliyekuongoza, kama ameridhia kutajwa. Angalia na saa ya kamera: kwetu saa nne asubuhi ni 10:00 kwenye kamera, na aliyeiseti 04:00 atakuwa na michoro inayong'aa kwa jua huku faili likidai ni usiku wa manane.

Kuna programu nyingine inayopendwa na watafiti wa michoro, DStretch ya Mmarekani Jon Harman, inayovuta rangi zinazokaribiana mpaka zitengane. Mchoro uliofifia huibuka kwa zambarau au njano kali. Ni chombo cha thamani, na kinaondoa kisingizio cha kuumwagia mwamba maji ili rangi ing'ae. Lakini kinatoa picha mpya yenye rangi za uongo. Bila maelezo ya kwamba imepitia DStretch, na imetoka kwenye picha ghafi ipi, mwanafunzi wa kesho ataandika kwamba mababu walipaka zambarau.

Jambo zito kuliko yote ni mahali. Simu nyingi na baadhi ya kamera huandika latitudo na longitudo, nazo huhamia kwenye faili la pembeni. Kwa kumbukumbu za ndani ni hazina, ilimradi alama ya kusini isipotee. Ikipotea, Kolo inahamia karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Turkana. Namba hizo zikienda hadharani ni hatari. Kondoa wapo wanaoamini Wajerumani walizika mali huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na uchimbaji wa kuitafuta umeharibu udongo chini ya baadhi ya miamba, udongo wenye mabaki ambayo wanaakiolojia wangeyasoma. Eneo la Mungumi wa Kolo, kwa upande wake, bado ni mahali pa tambiko. Wenyeji wana haki ya kusema nini kionyeshwe na nini kisionyeshwe.

Kwa hiyo ukitoa nakala ya kusambaza, futa humo alama za mahali na uache jina la wilaya tu. Picha ghafi na faili lake la pembeni viweke pamoja kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Seti moja kamili, yenye maelezo yote, ipeleke kwenye ofisi ya urithi iliyoko Kolo, kwa sababu picha za mwamba ule ni za watu wa pale kabla ya kuwa zako.