Sindano za Kichina na Mama Anayetafuta Mtoto

Mama unayetafuta mtoto, labda umesikia habari ya sindano za Kichina. Hazina dawa ndani. Ni nyembamba sana. Zinachomwa katika ngozi mahali mbalimbali, zinaachwa kidogo, kisha zinatolewa. Watu wanasema zinamsaidia mama ambaye yai lake na mbegu ya mume zimeunganishwa katika chombo, kisha mimba ile changa inatiwa tumboni.

Neno hili lilipata nguvu katika mwaka 2002. Huko Ujerumani wanawake 160 walijaribiwa. Waliochomwa, 42 kwa mia walishika mimba. Wasiochomwa, 26 tu. Wengi walifurahi. Lakini wasiochomwa walijua kwamba hawakuchomwa! Kwa hiyo waganga wa Australia na New Zealand walipima tena wanawake 848, nusu kwa sindano za kweli, nusu kwa sindano za uongo zisizopenya ngozi. Katika mwaka 2018 walitoa hesabu: waliozaa mtoto hai walikuwa karibu 18 kwa mia pande zote mbili.

Basi ukizitaka kwa kutuliza moyo (maana kungojea kule ni kugumu), mwambie munganga wako kwanza. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako, kwa sababu iliyokwisha kutumiwa inaweza kuleta SIDA na ugonjwa wa maini. Usiuze mbuzi kwa ajili yake, wala usiache dawa uliyopewa. Haifungui mirija iliyoziba.

Na mume wako apimwe pia. Mara nyingi shida iko kwake, na ukoo unamshitaki mke.