Pikipiki ya Kwanza ya Chama: Petroli Kidogo na Mgongo Usioumia

Chama cha msingi kinapofikia hatua ya kununua chombo chake cha kwanza cha usafiri, aghalabu chombo hicho huwa ni pikipiki. Katika Tumati na kata nyingine za nyanda za juu za Mbulu, ambako mashamba yamepanda migongo ya vilima na nyumba za wanachama zimetawanyika, katibu asiye na usafiri aweza kumaliza siku nzima akipeleka taarifa ya mkutano kwenye vitongoji vitatu tu. Haja ya pikipiki, basi, haihitaji kutetewa. Linalohitaji kutazamwa kwa makini ni pikipiki ya namna gani, kwa sababu bei ya dukani hulipwa mara moja, lakini petroli, vipuri na uchovu wa mwendeshaji hulipwa kila juma kwa muda wote wa uhai wa chombo.

Mikutano mingi hujadili mambo mawili tu: bei na ukubwa wa injini. Wapo wanaoona kwamba injini kubwa ndiyo heshima ya chama, na wapo wanaotaka ndogo kuliko zote ili kubana matumizi. Pande zote mbili hukosea zinapoamua kabla ya kuitazama njia itakayopitwa, mzigo utakaobebwa, na mtu atakayeketi juu ya kiti. Suala la kiti hasa hudharauliwa, kana kwamba starehe ya katibu ni anasa isiyostahili kulipiwa na wakulima. Ukweli ni kwamba mwendeshaji anayeumia mgongo na viganja hushika vibaya, hubadili gia ovyo, hukimbiza chombo ili afike upesi, na mwishowe huanguka. Mambo hayo yote hula fedha ya chama.

HESABU YA PETROLI

Chukulia chama ambacho katibu wake hutembea kilomita 120 kwa juma, yaani kilomita 6,240 kwa mwaka. Pikipiki ya mipigo minne yenye silinda ya sentimita za ujazo 125 (cc 125), ikitunzwa vizuri, yaweza kwenda kilomita 50 kwa lita moja, nayo itahitaji lita 125 hivi kwa mwaka. Pikipiki kubwa, au ya zamani ya mipigo miwili, inayokwenda kilomita 25 kwa lita itahitaji lita 250. Lita moja ikikadiriwa kwa Sh. 3,000, tofauti ni karibu Sh. 375,000 kwa mwaka. Ikiwa chama hutoza ushuru wa Sh. 20 kwa kilo ya mazao, kiasi hicho ni ushuru wa magunia 187 ya kilo mia moja yaliyoletwa ghalani na wanachama kisha yakaishia kwenye moshi.

Hesabu hiyo hiyo huonyesha pia mahali pa kukoma kubana. Pikipiki ya cc 100 ikienda kilomita 55 kwa lita, itaokoa lita 11 tu kwa mwaka ikilinganishwa na ile ya cc 125. Kwa njia ya tambarare akiba hiyo ni sawa. Kwa vilima vya Mbulu huenda isipatikane kabisa, maana injini ndogo iliyopakia watu wawili hupanda kwa gia ya kwanza ikilia muda wote, na injini inayolia hivyo hunywa kuliko ile kubwa kidogo inayopanda kwa gia ya pili bila taabu. Kwa chama cha nyanda za juu, chaguo la kwanza lapasa kuwa la mipigo minne kati ya cc 110 na cc 125. Ya cc 150 inafaa pale tu ambapo abiria na mizigo ni kazi ya kila siku.

Bei ya Sh. 3,000 iliyotumika hapo juu ni ya mfano. Bei kikomo ya kila wilaya hutangazwa na EWURA kila mwezi, na ndiyo itumike katika makisio ya chama. Petroli inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara isiingizwe katika hesabu hiyo: mara nyingi bei yake iko juu, na kipimo na usafi wake havina uhakika.

HEWA YA JUU NA INJINI

Liko jambo ambalo muuzaji wa Arusha au Dar es Salaam halitaji, nalo linawahusu sana watu wa Mbulu na wa miteremko ya Mlima Hanang. Injini huchoma petroli kwa kuichanganya na hewa, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda juu. Kwenye mwinuko wa meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, kani ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Pikipiki iliyokuwa na nguvu za farasi kumi kule Tanga itabakiwa na nane hivi ikifika huko juu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutonunua injini ndogo kupita kiasi.

Hasara ya pili imejificha. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya pwani huendelea kutoa petroli kama ilivyozoea, ilhali hewa ya kuichoma imepungua. Petroli ya ziada hutoka ikiwa moshi, plagi huwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na pikipiki hukosa nguvu mlimani. Fundi anayejua kazi yake hufungua plagi na kuitazama rangi: kahawia iliyofifia ni dalili njema, nyeusi yenye masizi ni dalili ya petroli kuzidi. Dawa yake ni kuweka jeti iliyo ndogo kidogo, yaani kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli ndani ya kabureta. Kabla ya hapo kichujio cha hewa kisafishwe, kwa kuwa vumbi la kiangazi likiziba kichujio huleta dalili zile zile, na mafundi wengi wamebadili jeti pasipo na haja. Pikipiki za siku hizi zinazopuliza petroli kwa mtambo wa umeme hujirekebisha zenyewe. Lakini zikiharibika huhitaji betri nzima na vifaa vya kupimia ambavyo fundi wa kijijini huenda hana. Chama kilicho mbali na mji kikichagua kabureta hakijakosea.

MIPIGO MIWILI NA MIPIGO MINNE

Wazee wa ushirika wanazikumbuka pikipiki walizopanda mabwana shamba na watumishi wa misheni, kama vile Yamaha AG 100 na DT 125. Zilikuwa za mipigo miwili, ambazo huchoma oili pamoja na petroli. AG 100 ilitengenezwa kwa ajili ya kazi za mashambani hasa: cheni yake imefunikwa kabisa isiingie tope, ina keria mbele na nyuma, na stendi pande zote mbili. Mpaka leo mpango wa chombo hicho wafaa kuigwa. Injini yake ndiyo isiyofaa tena kwa chama kinachohesabu lita, kwa kuwa hunywa zaidi na hudai oili yake kila siku.

Upande wa mipigo minne, historia ya Honda CG 125 ina mafunzo. Chombo hicho kilitolewa katikati ya miaka ya 1970 baada ya wahandisi wa kampuni kuchunguza jinsi pikipiki zinavyotumiwa katika nchi zisizo na mafundi wengi. Walikuta watu wakipakia kupita kiasi na kuchelewa kubadili oili. Badala ya kuwalaumu, walibuni injini nyepesi kutengenezwa na yenye uvumilivu. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na ndiyo sababu pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Afrika Mashariki zina tumbo la namna moja ingawa majina ubavuni ni tofauti. Pamoja nazo zimeenea Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS kutoka India. Katibu asibabaishwe na wingi wa majina. Aende kwenye duka la vipuri lililo karibu zaidi na chama, si la mkoani, akaulize kama zipo klachi, kebo, cheni na sproketi za pikipiki anayoikusudia. Zisipokuwapo hapo, pikipiki hiyo haifai, hata ingekuwa bora kuliko zote.

KITI, USUKANI NA MATAIRI

Pikipiki hupimwa kwa kuketiwa. Atakayeiendesha aende mwenyewe dukani, asitumwe mwingine kwa niaba yake. Akiketi, nyayo za miguu yote miwili ziguse chini bila kujinyoosha, maana kwenye tope la masika, na hasa kwenye udongo wa mfinyanzi unaoteleza, ni miguu inayomwokoa mtu. Viwiko vikunjike kidogo mikono ikiwa kwenye usukani. Asiinamie mbele, kwani uzito wa mwili ukilalia viganja, baada ya saa moja vidole hufa ganzi. Aweze pia kusimama juu ya vikanyagio bila kuuvuta usukani, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa kuvuka makorongo. Ikiwa katibu ni mama anayevaa gauni au sketi, pikipiki ya mtindo wa Honda Cub, ambayo haina tangi mbele ya kiti, humwondolea taabu kubwa. Ni jambo la kushangaza jinsi kamati za wanaume zinavyolisahau hilo.

Starehe nyingine hupatikana bila gharama yoyote. Shokapu za nyuma katika pikipiki nyingi zina pete yenye ngazi kadhaa za kukaza na kulegeza. Mara nyingi pete hiyo huachwa imekazwa kwa ajili ya abiria, na mwendeshaji mwepesi aliye peke yake hurushwa kama mahindi kwenye ungo. Dakika tano za fundi zatosha kuilegeza. Vivyo hivyo matairi: wengi huyajaza upepo mpaka yawe kama jiwe wakidhani wanaokoa petroli. Kwa pikipiki nyingi za aina hii paundi 25 mbele na 28 nyuma zinatosha kwa mtu mmoja, na nyuma iongezwe kidogo akiwapo abiria; kitabu cha chombo ndicho cha mwisho. Tairi gumu kupita kiasi huokoa matone tu, huumiza mgongo, na hupunguza mshiko kwenye changarawe. Lililolegea nalo hula petroli na kukata tyubu.

Madigadi ya mbele yatazamwe. Yale yaliyokaa karibu sana na tairi hujaa udongo wa kunata hadi gurudumu likagoma kuzunguka, na huenda katibu akamaliza safari akisukuma. Yaliyoinuliwa juu huepusha aibu hiyo.

MZIGO NA MTEREMKO

Pikipiki za aina hii aghalabu hukadiriwa kubeba kilo 130 hadi 150, pamoja na mwendeshaji. Mtu wa kilo 70 aliyefunga gunia la kilo mia nyuma yake amekwisha kuvuka kiwango, hata akienda polepole. Matokeo yake ni spoku kukatika, shokapu kuvuja na breki kushindwa kwenye mteremko. Vitunguu swaumu na maharage ya wanachama vitafutiwe usafiri mwingine; pikipiki ya chama ni ya watu, karatasi na mizani ndogo.

Kwenye mteremko ipo desturi mbaya iliyoenea ya kuzima injini na kuachia chombo kishuke chenyewe ili kuokoa petroli. Petroli inayookolewa ni kidogo mno. Kinachopotea ni msaada wa injini katika kuzuia mwendo, hivyo kazi yote huachiwa breki, ambazo zikipata moto hupoteza nguvu wakati ule ule zinapohitajika. Mteremko ushukwe kwa gia ile ile ambayo ingetumika kuupanda.

KUPIMA NA KUANDIKA

Baada ya kununua, ulaji wa petroli upimwe na chama chenyewe. Pikipiki isimamishwe wima mahali tambarare, tangi lijazwe hadi shingoni, na namba ya mita iandikwe. Baada ya kilomita 150 au zaidi, ijazwe tena hadi pale pale. Ikiwa imetembea kilomita 168 na kupokea lita 3.6, imekwenda karibu kilomita 47 kwa lita. Kipimo hiki kirudiwe kila mwezi. Namba ikishuka ghafla kutoka 47 hadi 38, kichujio, plagi, cheni na breki zinazogusa vikaguliwe kabla ya mtu yeyote kutuhumiwa kuuza petroli. Daftari la safari lenye tarehe, mahali, kilomita na lita humlinda katibu mwaminifu mbele ya kamati na mbele ya wakaguzi wa COASCO kuliko maneno mengi.

Ununuzi uwe umo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na kadi ya pikipiki iandikwe jina la chama, si la katibu wala la mwenyekiti. Kwa iliyotumika, kadi ihakikiwe kabla ya fedha kutolewa. Injini iwashwe ikiwa baridi, na moshi wa buluu usiokoma ni ishara kwamba inachoma oili. Iliyowahi kufanya kazi ya bodaboda ipimwe kwa shaka kubwa, kwa kuwa mita yake huenda haisemi kweli.

Katika kilomita 1,000 za mwanzo pikipiki mpya isikimbizwe wala isipakiwe abiria mlimani. Oili ya kiwandani imwagwe mapema, kwa kilomita zilizotajwa kwenye kitabu chake, ambazo mara nyingi ni kama 500, kwa sababu hubeba chembe za chuma zilizosagika injini ilipokuwa ikijizoeza. Namba ya mita ya siku hiyo ndiyo iwe mstari wa kwanza katika ukurasa wa matengenezo wa daftari la chama.