Nahodha Mzembe na Picha ya Mita Saba

Julai 2, 1816, manowari ya Kifaransa Méduse, iliyokuwa ikienda Senegal, ilipanda fungu la mchanga la Arguin, jirani na pwani ya Mauritania. Nahodha wake, Chaumareys, alikuwa hajashika usukani wa meli kwa takriban miaka 20. Cheo alikipata kwa utiifu wake kwa ukoo wa Bourbon, uliorudi madarakani baada ya Napoleon kuanguka.

Mashua hazikutosha. Watu 147 wakapakiwa kwenye chelezo ili kivutwe hadi nchi kavu. Punde kamba zikaachiwa.

Siku 13 baadaye meli ya Argus ilikuta 15 tu wakiwa hai. Wengine walisombwa na mawimbi au kuuawa katika mapigano. Walionusurika walikula nyama ya maiti.

Wakubwa wangependa habari hiyo izame. Haikuzama, kwani manusura wawili, tabibu Savigny na mhandisi Corréard, waliitolea kitabu mwaka 1817. Mchoraji kijana, Théodore Géricault, akawatafuta awahoji. Akamtaka seremala wa Méduse amtengenezee kielelezo kidogo cha chelezo, kisha akashinda hospitalini akichora maiti na viungo vilivyokatwa.

Picha yake ina urefu wa mita saba na ushei, kimo karibu tano. Ukubwa huo, kwa desturi, walitengewa wafalme, miungu na majemadari. Géricault aliwapa mabaharia na askari wasio na jina, waliotelekezwa na wakubwa wao wenyewe. Tena aliyemweka juu ya wote, akipunga kitambaa, ni mtu mweusi, wakati ambapo meli za Kifaransa zilikuwa bado zikisafirisha watumwa kwa magendo. Hapo ndipo ujasiri wake ulipo, kuliko hata kwenye maiti.

Katika maonyesho ya Paris ya 1819 iliitwa tu tukio la kuzama kwa meli, lakini nani hakujua ni meli gani?

Kusema picha hiyo iliiangusha serikali ni kutia chumvi. Hata hivyo, kijana mmoja aliyelala kifudifudi ili achorwe kama mfu alikuwa Eugène Delacroix. Wabourbon walipopinduliwa Julai 1830, yeye akachora picha ya Uhuru akiwaongoza watu kwa mpangilio uleule: maiti chini, walio hai wakipanda, bendera kileleni. Serikali mpya iliinunua, kisha ikaona ni hatari kuiacha hadharani, ikaiondoa machoni pa watu.