Majina Mawili Kwenye Mkeka

Kemambo, huku Nyamongo, hakuna uwanja wa gofu. Kuna dhahabu, kuna ng'ombe, na kuna vijana wanaotoka kwenye duara jioni na vumbi la mawe hadi kwenye kope. Lakini simu haiulizi uwanja uko wapi. Wiki ambayo ligi zimesimama, aliyezoea kubeti hukuta majina mawili ya wacheza gofu, kila moja na odi 1.83. Achague tu nani atamaliza mbele ya mwenzake. Kwa macho, kazi ni nyepesi: mashindano yana wachezaji zaidi ya mia, hapa wamebaki wawili.

Wepesi huo nimeukalia na kalamu na karatasi, na sikuuona.

Tuanze na mchezo wenyewe. Kenya Open ilianza mwaka 1967, na tangu 2019 imo katika ziara kuu ya gofu ya Ulaya. Kuanzia 2022 hadi 2025 ilichezwa uwanja uleule wa Muthaiga, Nairobi. Alishinda Ashun Wu wa China, akafuata Jorge Campillo wa Hispania, kisha Darius van Driel wa Uholanzi, kisha Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini. Uwanja mmoja, miaka minne, mabingwa wanne. Mcheza gofu wa kulipwa anaweza kumaliza mashimo 18 kwa mikwaju 67 Alhamisi, na Ijumaa akahitaji 73, hali mkono ni uleule na afya ni ileile. Upepo umegeuka kidogo, mpira umepita pembeni ya shimo kwa upana wa kidole. Kwa kawaida matokeo yake ya raundi hupanda na kushuka kwa karibu mikwaju mitatu kutoka wastani wake.

Mchimbaji wa Nyamongo haya hahitaji kufundishwa. Kiroba kimoja kikitoka karashani na dhahabu nzuri, hajengi nyumba siku hiyo. Anajua mwamba hausomwi kwa kiroba kimoja.

Sasa chukua wachezaji wawili, mmoja akimzidi mwenzake kwa mkwaju mzima kila raundi. Katika gofu ya kulipwa hiyo ni tofauti kubwa, ya kutenganisha mtu anayetajwa na asiyetajwa. Bado, ukiweka sare kando, katika raundi moja huyo bora atamshinda mwenzake mara 60 hivi kati ya 100. Wakicheza raundi zote nne, hufika karibu 69. Akimzidi kwa nusu mkwaju tu, raundi moja humpa 55.

Shika hiyo 55, kisha rudi kwenye odi. Dau la shilingi 1,000 kwa 1.83 hurudi 1,830. Ili usipoteze kwa muda mrefu, lazima upatie karibu mara 55 kati ya 100. Yaani hata ukimtambua aliye bora kwa nusu mkwaju, umefanya kazi ya kutoka sare. Asiyewajua wachezaji hupatia nusu, na kila elfu yake huacha shilingi 85 kwa kampuni ya kubeti. Kampuni nayo haibahatishi majina. Tangu kazi ya Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, thamani ya kila mkwaju hupimwa kwa umbali uliobaki hadi shimoni, na ziara ya Marekani ilianza kutumia kipimo hicho mwaka 2011. Upande mmoja una takwimu hizo, upande wa pili una majina mawili ya kigeni.

Linaloniuma zaidi ni mkeka mrefu. Weka jozi kumi kama hizo kwenye mkeka mmoja, dau shilingi 1,000. Kwa kubahatisha, zote kumi hupatikana mara moja kati ya 1,024, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa shilingi 1,024,000. Odi kumi za 1.83 zikizidishwa hutoa kama 421,000. Mkato wa shilingi 85 kwenye elfu umezidishwa pamoja na odi, umekuwa karibu 590. Kijana anaiona 421,000, na ni kweli ipo. Zile 603,000 zilizokatwa haziandikwi popote kwenye skrini.

Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, alitoa kanuni ya kiasi gani cha mtaji mtu aweke dau. Ukiwa na hakika ya kupatia mara 60 kati ya 100 kwa odi 1.83, inasema weka kama asilimia 12, usizidishe. Ukiwa unabahatisha nusu kwa nusu, jibu hutoka hasi: asilimia 10 chini ya sifuri. Kwa hesabu hiyo, dau lenye faida lipo, ila liko upande wa pili wa meza, anakokaa mwenye kampuni.