Kumbukumbu na Wepesi wa Akili kwa Wanaozeeka na VVU Kasese na Bwera

Tangu Uganda ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU) mwaka 2004, wengi ambao wangefariki wakiwa vijana wamevuka miaka 50, na wahudumu wa mji wa Kasese na wa Hospitali ya Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, wana jambo jipya la kuchunguza, nalo ni afya ya ubongo.

VVU huingia ubongoni mapema, vikibebwa na seli nyeupe za damu, na kwa kawaida havishambulii seli za neva zenyewe bali hukaa katika maikroglia, yaani seli za ulinzi wa ubongo, ambazo zikichokozwa hutoa kemikali zinazoziumiza neva jirani. Hali hiyo, iitwayo mchochota, huweza kuendelea polepole hata pale dawa zinapovipunguza virusi vya damuni hadi visionekane kwa kipimo. Na uzee ukileta shinikizo la damu na kisukari, vinavyoharibu mishipa midogo ya ubongo, madhara hujumlishana. Dalili ya kwanza mara nyingi si kusahau majina ya watoto, bali ni uzito wa kufikiri: mchuuzi wa Mpondwe aliyezoea kugeuza faranga za Kongo kuwa shilingi kichwani huanza kuchelewa, au dozi ya jioni humpita.

Kipimo kifupi cha kuwabaini watu wa namna hiyo, kilichotangazwa mwaka 2005 na Ned Sacktor na wenzake, kilijaribiwa Baltimore na pia Kampala. Mgonjwa hugonganisha kidole gumba na cha shahada haraka kwa sekunde 5, hufuatisha ngumi, kiganja na ubavu wa mkono kwa sekunde 10, kisha hukumbuka maneno manne aliyotajiwa mwanzoni. Alama zote ni 12, na anayepata 10 au chini huhitaji uchunguzi zaidi. Hakihitaji mashine wala daktari bingwa, na hiyo ni fadhila kubwa kwa Bwera, mradi maneno yatolewe kwa Kikonzo au Kiswahili kadiri ya mgonjwa, na vidole vilivyokakamaa kwa jembe, sonona au uchache wa masomo visichukuliwe kuwa ugonjwa wa ubongo.

Alama ndogo haipaswi kuishia kwenye faili. Dozi zikisahaulika virusi hupanda tena, navyo, kama lilivyo shinikizo la damu, huuzidishia ubongo madhara; kwa hiyo kupima shinikizo la damu siku ileile ya kuchukua dawa, na kumshirikisha mwana au jirani ambaye mgonjwa mwenyewe ameridhia amkumbushe, ni sehemu ya tiba kama vilivyo vidonge vyenyewe.