Mtoto mwenye usonji hahitaji kiboko

Mtoto anapoziba masikio, kupiga mayowe na kukimbia darasani, wengi husema hana adabu. La! Mwenye usonji huenda anaumizwa na kelele, wala hana maneno ya kuomba apumzike.

Viboko vilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia marufuku hiyo. Badala yake, mwalimu achunguze kilichotangulia fujo, amfundishe mtoto ishara ya kuomba mapumziko, na amsifu papo hapo anapoitumia.

Mzazi wa Kawangware au Dagoretti, usimfiche mwanao. Karibu na katikati ya jiji, katika Shule ya Msingi ya City, Ngara, kulianzishwa kitengo cha watoto hawa mwaka wa 2003. Nyumbani nako, tumia ishara zilezile za mwalimu.