Udongo usiojua mipaka: safari ya maji na mashapo katika bonde la Akagera

Kila msimu wa mvua, maji ya mto Nyabarongo hugeuka rangi ya kahawia. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya milimani, na safari yake haiishii nchini Rwanda. Sehemu yake hupita mpakani mwa Burundi na Tanzania, ikaingia Uganda na hatimaye Ziwa Victoria, chanzo cha Nile Nyeupe.

Mito huungana mithili ya matawi ya mti. Nyabarongo hukusanya vijito vya msitu wa Nyungwe, hupokea Mukungwa kutoka kaskazini, kisha Akanyaru, mto unaotenganisha Rwanda na Burundi. Karibu na Ziwa Rweru hubadili jina na kuitwa Akagera. Jirani na maporomoko ya Rusumo huungana na Ruvubu, unaotoka ndani ya Burundi. Kwa hiyo, yanayotendeka katika kilima kimoja huwafikia watu ambao hawajawahi kukiona kilima hicho.

Maji hukimbia, udongo husubiri

Maji na mashapo husafiri pamoja, lakini si kwa mwendo mmoja. Maji ya mvua kubwa huweza kushuka bonde lote kwa siku au majuma machache. Chembe laini za udongo huelea na kwenda nayo. Mchanga na changarawe huburutwa sakafuni mwa mto, husimama mkondo unapopungua nguvu, kisha husubiri mafuriko mengine. Punje ya mchanga iliyong'oka leo yaweza kuchukua miaka mingi, hata vizazi, kabla ya kufika ziwani.

Jambo hili lina maana kubwa kwa wanaohifadhi ardhi. Matuta yakichimbwa na miti ikapandwa, mkulima huona faida mapema shambani mwake, lakini mto hauwezi kuwa safi mara moja, kwa kuwa bado unabeba udongo uliolala mabondeni tangu zamani. Mto unaoendelea kuchafuka hauthibitishi kwamba kazi ya juu imekuwa bure.

Ardhioevu, maziwa na mabwawa

Njiani kuna vizuizi. Ardhioevu zenye mafunjo kando ya Nyabarongo, Akanyaru na Akagera hupunguza kasi ya maji, hulaza tope na kuachilia maji taratibu wakati wa kiangazi. Maziwa madogo ya bonde hilo hufanya kazi kama hiyo. Ardhioevu ikikaushwa ili kulimwa au mfereji ukinyooshwa, maji na udongo hupata njia ya mkato. Kwa hiyo wa chini hupata mafuriko makali zaidi na tope jingi zaidi.

Bwawa nalo ni kizuizi. Maji yakitulia nyuma ya ukuta wake, mashapo huzama na nafasi ya kuhifadhi maji hupungua mwaka hadi mwaka. Mchanga unaopenya huweza kusaga mitambo. Hivyo mtambo wa Nyabarongo wa megawati 28, na ule wa Rusumo wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Tanzania, inategemea pia namna wakulima wanavyolinda udongo huko juu. Tena, maji yanayotoka bwawani bila mashapo huwa na nguvu ya ziada, nayo huweza kumomonyoa kingo na sakafu ya mto.

Mwisho wa safari

Mvua inayonyesha juu ya Ziwa Victoria lenyewe ndiyo huliletea maji mengi zaidi, lakini miongoni mwa mito, Akagera ndio mkubwa kuliko yote inayoingia humo. Udongo laini hubeba fosforasi, ambayo hustawisha mwani. Magugu maji pia hushuka na mto huo, yakaziba njia za mitumbwi na kuwapa wavuvi hasara.

Upande wa pili wa safu ya milima ya magharibi mwa Rwanda, mtandao ni mwingine: Sebeya humwaga maji yake Ziwa Kivu, na kupitia Rusizi yakafika Ziwa Tanganyika, kisha bonde la Kongo. Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi na kaskazini mwa Rwanda yaliua zaidi ya watu 130, na Sebeya ulikuwa miongoni mwa mito iliyofurika.

Nchi za Akagera zimewahi kuwa na shirika lao la pamoja, lililoanzishwa 1977 na kuvunjwa 2004. Leo, ushirikiano huo huendeshwa zaidi chini ya Mpango wa Bonde la Nile, wenye makao yake Entebbe, Uganda. Vipimo vya maji na mashapo vya nchi moja havitoshi: anayepima mtoni Kyaka, Tanzania, hupima pia kilimo cha Gitega na Muhanga. Mkulima anayechimba tuta hulinda kwanza rutuba ya shamba lake mwenyewe, na papo hapo humlinda jirani aliye ng'ambo ya mpaka.